Je, Wajua Kwa Nini Mchezo wa Redio Hubadilisha Mwenendo wa Watu Kuliko Hotuba?

Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ambao ulisikika jioni mara mbili kwa wiki. Ulifika karibu kila pembe ya nchi isipokuwa eneo moja: mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine katika muda huohuo, na hali hiyo ikaendelea hadi mwaka 1995. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Everett Rogers, mtaalamu wa mawasiliano kutoka Marekani, na watafiti wenzake, wakiwamo Watanzania, walikuwa wakitafuta jibu la swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa kukisia: je, hadithi ya kubuni inaweza kweli kumfanya mtu aishi tofauti na alivyokuwa akiishi?

Husemwa kila siku kwamba redio, televisheni na filamu zina nguvu juu ya jamii, na wanaosema hivyo huonyesha mabadiliko fulani kisha wakayahusisha na kipindi kilichokuwa maarufu wakati huo. Hoja ya namna hiyo haitoshi, kwa sababu mabadiliko hayo yangeweza kuletwa na shule mpya, bei za vyakula au kampeni ya wizara. Ndiyo maana Dodoma ilikuwa na thamani kubwa sana katika utafiti huu. Ilikuwa sehemu ya nchi ileile, yenye sera zilezile za afya na hotuba zilezile za viongozi, ila mchezo huo haukurushwa huko.

Mhusika aliyekumbukwa kuliko wote ni Mkwaju, dereva wa lori anayesafiri katika barabara kuu na kuwa na wanawake katika vituo vyake vya njiani, wakati mkewe, Tunu, amebaki nyumbani akiwalea watoto. Mwanzoni Tunu ni mwanamke asiyethubutu kumpinga mumewe. Kadiri miezi inavyopita anaanza kujitegemea, anaanzisha biashara ndogo na hatimaye anaachana naye. Mkwaju anaambukizwa virusi vya UKIMWI, anadhoofika na kufa. Yeyote aliyeishi Tanzania katika miaka ile anajua kwamba habari hiyo haikuhitaji maelezo marefu: magonjwa na misiba iliyofuata barabara kuu za malori ilikuwa ikionekana kwa macho, na watu wengi walisita kuitaja sababu yake mbele ya wazee au mbele ya wenzi wao. Mchezo uliitaja, tena katika redio ya taifa, wakati ambapo vituo vya watu binafsi vilikuwa ndiyo kwanza vinaruhusiwa nchini na redio hiyo ilikuwa karibu haina mshindani.

Kati ya mwaka 1993 na 1997 watafiti walifanya uchunguzi kila mwaka katika kaya zipatazo 2,750, wakakusanya pia taarifa za wateja wapya wa uzazi wa mpango kutoka vituo 79 vya afya. Katika miaka miwili ya mwanzo, mahali mchezo uliposikika, kiwango cha wanawake walioolewa waliotumia njia za uzazi wa mpango kilipanda kwa takriban pointi kumi za asilimia, ilhali Dodoma hakikupanda. Mwaka 1995 Dodoma nayo ilipoanza kuupata mchezo, kiwango hicho kikaanza kupanda huko pia. Kuhusu UKIMWI, wasikilizaji wengi walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi au wameanza kutumia kondomu, ingawa ni lazima kukumbuka kwamba mtu anayehojiwa juu ya mambo ya siri hueleza anavyotaka kueleza. Kwa maoni yangu ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa Dodoma, kwa kuwa haukutegemea watu kukumbuka au kukiri ni kipi kilichowashawishi.

Mbinu iliyotumika haikubuniwa Tanzania. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha tamthilia iliyoitwa Simplemente María, habari za msichana kutoka kijijini anayekwenda mjini kuwa mtumishi wa nyumbani, anajifunza kusoma, anajifunza kushona kwa cherehani na mwisho anafanikiwa katika ushonaji wa mitindo. Waliotengeneza tamthilia hiyo hawakukusudia kufundisha chochote. Hata hivyo wasichana watumishi walijiandikisha katika madarasa ya kusoma na kushona, na mauzo ya cherehani yakaongezeka. Huko Mexico, mtengenezaji wa vipindi Miguel Sabido alijiuliza: ikiwa jambo hilo limetokea bila kukusudiwa, je, haliwezi kupangwa? Aliyachukua mawazo ya mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye tangu majaribio yake ya mwaka 1961 alikuwa ameonyesha kwamba watoto huiga matendo ya mtu mzima kwa kumtazama tu, bila kuadhibiwa wala kuzawadiwa wao wenyewe. Mwaka 1975 Sabido akaandaa tamthilia iliyohimiza watu wazima wajifunze kusoma. Baada ya sehemu moja kutaja mahali vitabu vilipopatikana, maelfu ya watu walifurika huko hadi msongamano wa magari ukaziba barabara za Mji wa Mexico.

Msingi wa mbinu ya Sabido ni mpangilio wa wahusika. Wapo wachache wanaofanya yaliyo mema tangu mwanzo, wapo wanaofanya mabaya na kuyaendeleza, na katikati yao wapo wanaoyumba: wanajua lililo jema lakini wanaogopa, au wanatamani mabaya lakini dhamiri inawasuta. Mtu angedhani kwamba mhusika mwema ndiye anayefundisha. Kazi kubwa hufanywa na hao wanaoyumba, kwa sababu msikilizaji wa kawaida hajioni katika mtu asiye na dosari. Tunu asingekuwa na maana kubwa kwa mama anayemsikiliza kijijini kama angekuwa jasiri tangu siku ya kwanza. Alianza mahali walipo wengi, akasita, akarudi nyuma, akajaribu tena, na katika kila hatua msikilizaji aliweza kujipima: je, mimi ningethubutu?

Swali hilo la kuthubutu ndilo alilolisisitiza Bandura mwenyewe. Mara nyingi watu hawakosi taarifa. Wanakosa imani kwamba mtu kama wao anaweza kufanya jambo fulani akafanikiwa. Hotuba humwambia mtu kwamba uzazi wa mpango una faida, na huenda amelisikia hilo mara nyingi bila kulipinga. Asichoambiwa ni namna ya kumwanzia mumewe mazungumzo hayo, maneno ya kwanza yawe yapi, mume akikasirika afanye nini, mama mkwe akiuliza ajibuje. Mchezo unampa mazungumzo yote, pamoja na kikwazo na matokeo yake, na unampa kwa miezi mingi mfululizo, kiasi kwamba wahusika wanakuwa watu anaowafahamu.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti wa Tanzania ulilionyesha, nalo kwangu ndilo lenye maana kuu katika habari hii yote. Athari ya mchezo haikwenda moja kwa moja kutoka redioni hadi moyoni mwa msikilizaji. Sehemu kubwa ilipitia katika mazungumzo. Wake walizungumza na waume zao na marafiki wakazungumza wao kwa wao juu ya uzazi wa mpango, jambo ambalo awali lilikuwa la aibu. Ukimwambia mumeo kwamba anaishi ovyo, umemshambulia. Mkizungumza wote wawili juu ya uovu wa Mkwaju, mnasema mambo yaleyale na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mtu wa kubuni anabeba lawama ambayo mtu halisi hangevumilia kubebeshwa, na kwa sababu hiyo mambo yaliyofichwa yanapata mahali pa kusemwa.

Haifai kudhani kwamba haya hutokea pale tu ambapo mtunzi ana nia ya kufundisha. Nchini Brazil wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka kutoka 6.3 mwaka 1960 hadi 2.3 mwaka 2000, bila serikali kuendesha kampeni rasmi ya kuwataka watu wapunguze uzazi. Kuanzia mwaka 1965 kituo cha televisheni cha Rede Globo kilienea mji hadi mji kikiwa na tamthilia zake za jioni. Wachumi Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea walizichunguza tamthilia 115 za kituo hicho, wakakuta kwamba asilimia 72 ya wahusika wakuu wa kike wenye umri usiozidi miaka 50 hawakuwa na mtoto kabisa, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Kisha wakalinganisha maeneo yaliyofikiwa na matangazo mapema na yaliyochelewa, wakaona kwamba uzazi ulipungua kituo kilipoingia, hasa kwa wanawake maskini. Upungufu uliotokana na televisheni yenyewe ulikuwa sehemu ndogo tu ya anguko lote, lakini ulikuwa dhahiri. Wazazi walikuwa hata wakiwapa watoto wao majina ya wahusika.

Hakuna mhusika aliyesimama kuwahimiza watu wazae wachache. Familia ndogo ilionekana tu sebuleni jioni baada ya jioni, ikiwa ya watu waliovaa vizuri na wenye maisha ya kuvutia, hadi ikawa jambo la kawaida machoni pa watazamaji ambao majirani zao wote walikuwa na watoto sita au saba. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua filamu au tamthilia inafanya nini katika jamii asitazame tu mafunzo inayoyatamka. Aangalie yale inayoyaonyesha bila kuyatetea: nani anafanya kazi za nyumbani, nani anayepigwa bila mtu kushtuka, nani daima ni mwizi au mshamba, na nani haonekani kabisa.

Mipaka nayo ipo. Mchezo unaomhimiza mama aende kituo cha afya hauna faida mahali ambapo kituo hakipo au dawa zimekwisha. Vilevile nguvu hiyohiyo haichagui nia. Mwezi uleule wa Julai 1993, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, kituo cha Radio Télévision Libre des Mille Collines kilianza matangazo yake nchini Rwanda, kikichanganya muziki, utani na chuki dhidi ya Watutsi, na mwaka 1994 kikachochea mauaji ya kimbari. Mwezi Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza.

Mwaka 2004 redio ilitumiwa nchini Rwanda kwa kusudi lililo kinyume kabisa. Mchezo ulioitwa Musekeweya ulisimulia mgogoro wa vijiji viwili vya kubuni, pamoja na vijana waliokaidi uhasama wa wazee wao. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alizipanga jamii kadhaa kwa bahati nasibu: nyingine zikasikiliza mchezo huo kwa mwaka mmoja, nyingine zikasikiliza mchezo wa afya. Wasikilizaji wa Musekeweya hawakubadilika sana katika imani zao binafsi juu ya chanzo cha chuki na ukatili. Kilichobadilika ni walivyoona mambo yanayokubalika miongoni mwa watu wao, kama vile kumpinga mtu waziwazi au kuoana na watu wa kundi jingine, na pia matendo yao. Mwishoni mwa utafiti kila jamii ilipewa radio-kaseti na kanda za mchezo ili iamue namna ya kuvitunza. Katika jamii zilizosikiliza mchezo wa afya, mara nyingi mtu mmoja alipendekeza vikabidhiwe kwa kiongozi wa mahali hapo, na wengine wakanyamaza. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wakatoa mapendekezo tofauti, na zaidi ya wenzao wakaelekea kukubaliana kwamba wavitunze wenyewe kwa pamoja.