Jukwaa Si la Wachache: Dhana Potofu Kuhusu Maonyesho ya Jukwaani

Wapo watu wanaopenda hadithi kupindukia, wanaokesha na tamthilia za televisheni, lakini hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho. Ukiwauliza sababu, hawasemi kwamba hawataki. Wanasema ni ghali, au hawana nguo za kuvaa, au hawataelewa lugha, au wanangoja siku watakayofika New York au London. Sababu hizi nyingi zina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana zinapotosha. Inaniuma kuona mtu akijinyima raha hii kwa maneno ya kusikia tu.

"Tiketi ni za wenye pesa"

Ni kweli, tiketi ya onyesho linalovuma Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, tena Jumamosi usiku, inaweza kukutoa jasho. Lakini hiyo ni bei moja tu kati ya bei nyingi za ukumbi uleule. Kiti kisichouzwa hadi pazia linafunguliwa hakiuziki tena kesho yake, kwa hiyo wenye ukumbi wana kila sababu ya kukupunguzia siku hiyohiyo. Ndiyo maana kibanda cha tiketi cha TKTS kipo Times Square, New York, tangu 1973, kikiuza tiketi za siku hiyo kwa punguzo linaloweza kufika nusu ya bei. London nayo ina kibanda chake, Leicester Square, tangu 1980. Mwaka 1996 watayarishaji wa tamthilia ya muziki iitwayo Rent walitenga safu mbili za mbele kabisa na kuziuza kwa dola 20 kila kiti siku ya onyesho, ili vijana wasiachwe nje. Watu wakaanza kulala barabarani kuwahi foleni, ikabidi iletwe bahati nasibu. Leo maonyesho mengi yana bahati nasibu za namna hiyo, na nyingi unazicheza kwa simu.

Kuna pia tiketi za kusimama, ambazo kwa maoni yangu ndizo siri inayostahili kutangazwa kuliko zote. Katika nyumba ya opera (tamthilia inayoimbwa) ya Vienna, Austria, iitwayo Wiener Staatsoper, sehemu ya kusimama ya chini iko nyuma tu ya viti vya ghali, ikitazamana na jukwaa moja kwa moja. Wenyeji hufika mapema, hufunga skafu kwenye chuma cha kuegemea kuonyesha kwamba nafasi ina mtu, kisha hutoka kupunga hewa. Ukiona skafu, usiiguse. Hiyo ni nafasi ya mtu na kila mmoja anaiheshimu. Katika Shakespeare's Globe ya London, iliyofunguliwa 1997, waliolipa kidogo kuliko wote ndio wanaosimama karibu kabisa na waigizaji, kiasi kwamba mwigizaji anaweza kupita katikati yao. Uwanja huo hauna paa na miavuli hairuhusiwi, basi beba koti la mvua na uvae viatu vya kusimamia.

Wanaowaumiza wanunuzi wengi ni walanguzi. Ukitafuta jina la onyesho mtandaoni, mara nyingi tovuti za kwanza kujitokeza ni za wauzaji wa mkono wa pili waliozipamba kurasa zao zifanane na za ukumbi. Ingia kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, ndipo ufuate kiungo cha tiketi kutoka hapo.

"Kiti cha mbele ndicho kiti bora"

Inategemea unachokwenda kuona. Kama ni tamthilia ya watu wawili wanaogombana mezani, sogea mbele kadiri uwezavyo. Utaona mdomo unavyotetemeka kabla neno halijatoka. Kama ni onyesho la dansi lenye watu ishirini jukwaani, safu ya kwanza itakunyima nusu ya kazi. Sakafu ya jukwaa huwa juu, miguu ya wachezaji inajificha, na michoro wanayoitengeneza kwa miili yao huonekana vizuri ukiwa juu. Kwa dansi mimi huchagua safu za mbele za roshani, na sijawahi kujuta.

Tiketi zinazouzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya nguzo au ukingo wa roshani zisikutishe kabla ya kuuliza. Kwingine utapoteza pembe moja ya mandhari tu, kwingine utapoteza jukwaa zima. Piga simu kwenye dirisha la tiketi na uulize kiti hicho kinakosa nini hasa. Wanaokaa pale wanavijua viti vyao.

"Nikiwa safarini sitaelewa lugha"

Tangu 1983, opera ya Toronto ilipoanza kuonyesha tafsiri juu ya jukwaa, nyumba za opera duniani zimefuata. Metropolitan Opera ya New York ikaleta viskrini vidogo mgongoni mwa kiti kilicho mbele yako mwaka 1995, na usipovitaka unavizima. Huko Tokyo, ukumbi wa Kabuki-za, unaocheza kabuki, yaani tamthilia ya jadi ya Kijapani, huuza hata tiketi za tendo moja tu, viti vyake vikiwa ghorofa ya nne. Hiyo ni njia nzuri sana kwa mgeni, maana programu nzima ya kabuki hula saa kadhaa, na tendo moja linatosha kukuonyesha maleba, sauti na mwendo wa sanaa hiyo.

Hata pasipo tafsiri, tamthilia ya lugha ngeni haikufungii mlango. Soma muhtasari wa hadithi mchana, halafu usiku macho yafanye kazi yake. Utaanza kuona mambo ambayo mwenye lugha huyapita: nani anamkwepa nani, nani amesimama kwenye mwanga, nani hajageuka tangu mwenzake aingie.

"Kazi nzuri iko kwenye kumbi kubwa"

Hii ndiyo dhana inayowafanya watu waupite ukumbi wa mjini kwao kila siku huku wakiota safari ya mbali. Onyesho huhesabiwa kuwa la Broadway kwa sababu ya ukumbi: viti 500 au zaidi, katika kundi maalumu la kumbi 41 za Manhattan, ambazo nyingi hata haziko kwenye barabara yenyewe ya Broadway. Chini ya hapo, kuanzia viti 100 hadi 499, linaitwa Off-Broadway. Hicho ni kipimo cha viti, hakikupimii uigizaji. Tamthilia ya muziki ya Hamilton, kabla ya kuwa jina la dunia nzima, ilichezwa mapema 2015 katika Public Theater ya New York, kwenye ukumbi wa viti 299. Walioketi pale waliona wimbi kabla halijainuka. Na Fringe, tamasha la maonyesho la Edinburgh, Uskoti, lilizaliwa 1947 kwa sababu vikundi vinane ambavyo havikualikwa kwenye tamasha kuu vilikuja hivyohivyo, vikatafuta kumbi vyenyewe na kucheza.

"Nyota hayupo leo, nimepunjwa"

Unafika ukumbini, unakuta karatasi ndani ya programu ikisema nafasi ya fulani leo itachezwa na fulani. Watu hununa. Mimi huketi wima zaidi. Mwigizaji wa akiba amejifunza nafasi hiyo kwa miezi, na wengine wamebeba kichwani nafasi kadhaa kwa pamoja, bila kujua wataitwa lini. Akipanda, anacheza kama mtu ambaye hana kesho. Mwaka 1954 mwigizaji Carol Haney aliumia kifundo cha mguu, na msichana asiyejulikana akachukua nafasi yake katika tamthilia ya muziki ya Broadway, The Pajama Game. Mtayarishaji wa filamu Hal Wallis alikuwa miongoni mwa watazamaji, akampa mkataba. Msichana huyo ni Shirley MacLaine, aliyekuja kuwa nyota wa filamu. Kama bado huridhiki, fahamu kwamba Broadway, ikiwa jina la nyota limeandikwa juu ya jina la onyesho na hayupo, kwa kawaida unaweza kurudishiwa pesa au kubadilishiwa siku.

Kuhusu mavazi nitasema kifupi: kumbi nyingi hazina sharti lolote zaidi ya usafi na heshima. Chukua kitu cha kujifunika, kwa maana viyoyozi vya ukumbini havina huruma.

Watoto nao, pamoja na watu wasiovumilia kelele au giza, wana maonyesho yaliyoandaliwa kwa ajili yao, ambapo sauti hupunguzwa, taa haizimwi kabisa, na mtu akisimama au akiongea hakuna anayemkodolea macho. Broadway ilianza na The Lion King mwaka 2011. Uliza kama ukumbi ulio karibu nawe unayo.

"Kutazama nyumbani si kutazama"

Skrini haiwezi kukupa pumzi ya ukumbi mzima inapozuiwa kwa pamoja, hilo silipingi. Lakini National Theatre ya London, iliyoanza kurusha maonyesho yake kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 na kufungua huduma ya kutazama nyumbani Desemba 2020, hurekodi mbele ya watazamaji walioketi, kwa kamera kadhaa. Tazama kana kwamba umekwenda ukumbini: simu mbali, taa chini, mapumziko yaheshimiwe, bila kusimamisha katikati kwenda kuosha vyombo.

"Litanisubiri"

Tamthilia ya muziki ya The Phantom of the Opera ilikaa Broadway miaka 35, watu wakaizoea kama jengo. Ikafungwa Aprili 2023. Maonyesho mengi hayafikishi hata mwaka. Kwa msafiri kuna mtego mwingine: kumbi nyingi za Broadway hupumzika Jumatatu, za London nyingi hupumzika Jumapili, na opera ya Vienna hufunga milango Julai na Agosti, miezi ambayo wageni ndio wengi. Edinburgh ni kinyume chake, Agosti ndipo inapofurika. Angalia kalenda ya ukumbi kabla ya kulipia ndege, si baada ya kufungua sanduku hotelini.