Upepo wa Mbele Hauzuii Mashua

"Nahodha, upepo unatoka kisiwani Manda na sisi tunakwenda Manda. Si utaturudisha?" Msimu wa upepo wa kaskazi hapa Lamu swali hili halinipiti, na anayeuliza huwa keshaanza kuangaza macho akitafuta mashine.

Watu wameshika kwamba chombo cha tanga huenda unakokwenda upepo, basi. Si hivyo. Upepo ukipiga kutoka ubavuni, tanga hujaa likafanya mgongo, na mgongo huo ndio unaovuta chombo mbele. Huko chini mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, unakizuia kisisukumwe kombo. Ndiyo maana tunabisha: tunakata mshazari upande huu, tunageuza, tunakata upande wa pili, mpaka tunafika. Kisichowezekana ni kuelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo wenyewe. Tanga litapigapiga na chombo kitasimama.

Kugeuza ndiko wengi wasikokuelewa. Ncha ya chini ya foromali, ule mti unaobeba tanga, inashikwa huko omo, na pembe ya nyuma ya tanga inashikwa na demani, kamba inayokuja tezi, yaani nyuma ya chombo. Tukigeuza, foromali nzima yapasa ihamie upande wa pili wa mlingoti, na tanga lizungushwe kwa mbele. Kwa hiyo mara nyingi hatuukabili upepo, tunaupa mgongo kwanza. Abiria huona tunazunguka mbali wakadhani nimepotea njia.

Nikisema tunageuza, weka simu, inama, na usishike kamba yoyote. Hakuna kamba humo iliyowekwa ya kujishikilia. Demani ikishapata upepo itakuchuna viganja, kisha lawama ziwe zangu. Tukiisha kugeuza, hamia upande unakotoka upepo, hata kama picha nzuri ziko upande wa pili.

Na asije mtu na hoja ya vyombo vya Oman, eti mbona vilikuwa vikingoja upepo wa kusi ndiyo virudi kwao. Vilingoja kwa hesabu. Kubisha mpaka Manda ni jambo dogo. Kubisha zaidi ya maili 2,000 hadi Maskati ni kuchosha mabaharia na kuchakaza matanga, ilhali msimu ukigeuka utakupeleka bure.

Kaskazi nayo haiendi kaskazini, inatoka huko, takriban Novemba hadi Machi. Kusi inatoka kusini, kuanzia Aprili hivi.

Tena si kila chenye tanga ni jahazi. Jahazi ni chombo kikubwa, cha mizigo. Hiki ulichokalia ni mashua. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye mirengu miwili ubavuni, mbao za kulizuia lisipinduke. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake mkeka wa mraba. Huo utaukuta makumbusho, kwa hiyo usiniombe nikukodishie.

Kuna na hofu ya maji ya ngamani, yaani huko chini ndani ya chombo. Chombo cha mbao huingiza maji kidogo, hata kikipigwa kalafati vizuri, yaani mianya ya mbao ikizibwa. Kilichokaa pwani siku nyingi huvuja zaidi kwa kuwa mbao zimekauka. Zikinywa maji huvimba, mianya ikaziba. Ukimwona baharia anafua maji, anayatoa nje, usianze kupiga dua. Chukua kopo jingine umsaidie.