Oili Chafu Haiponyi Kabati: Dhana Potofu Kuhusu Samani Kuukuu

Mwezi huu pekee nimepokea samani tatu zilizonyweshwa oili chafu. Ya mwisho ilikuwa kabati la mninga la milango miwili, ambalo mwenyewe amelirithi kwa mama yake, na ambalo lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: mguu wa nyuma ulikuwa ukidondosha unga. Jirani alimshauri achukue oili iliyotolewa kwenye injini ya gari, naye akalipaka ndani na nje mara tatu. Lilipofika karakana lilikuwa jeusi na linanuka gereji, na chini ya mguu uleule unga ulikuwa ungali unadondoka.

Kati ya dhana zote ninazozisikia kwa wateja, hii ya kwamba oili chafu, dizeli au mafuta ya taa huua bungua, yaani mdudu anayetoboa mbao na kuacha unga, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huangamiza samani ambayo ingeokolewa kwa gharama ndogo. Jike la bungua hutaga katika vijitundu vya asili vya mbao ambayo haijapakwa kitu, na buu akishaanguliwa huchimba kuelekea ndani, akila wanga wa mbao kwa miezi kadhaa bila mtu kujua. Kile kitundu cha milimita moja au mbili unachokiona ni mlango aliotokea mdudu mzima, si alioingilia. Oili inayopakwa kwa brashi huishia karibu na uso wa mbao, ilhali mabuu wako ndani zaidi. Na mbao ikishakunywa oili haishiki tena gundi wala vanishi, huchafua kila nguo inayoigusa na hushika moto kwa urahisi; isitoshe, oili iliyokwisha kutumika katika injini hubeba mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani, vitu ambavyo havifai kukaa pamoja na nguo za mtoto. Kuipiga msasa hakusaidii, kwa kuwa oili hujaza msasa na kuenea zaidi.

Vanishi nayo wengi huiamini kupita kiasi. Ni kweli kwamba mbao iliyozibwa vizuri kwa vanishi humnyima jike mahali pa kutaga, lakini mabuu waliokwishamo hawadhuriki, na wakikomaa watatoboa vanishi yako mpya na kutoka. Wanaoanika samani juani nao hupata nyufa na viungo vilivyolegea kabla ya joto kumfikia mdudu. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, hudai nyuzi joto 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini cha mbao kwa dakika 30 mfululizo ili kuua wadudu, na joto hilo halipatikani kwa kuegemeza kabati ukutani uani.

Kabla ya kununua dawa yoyote, mjue kwanza anayekula. Tandika karatasi nyeusi chini ya mguu, ziba matundu ya zamani kwa nta ya mshumaa, kisha subiri wiki chache. Pasipodondoka kitu wala kutokea tundu jipya, huenda wadudu waliondoka miaka mingi iliyopita na unachokiona ni makovu tu. Unga laini kama poda ni wa bungua. Chembe ngumu zenye pande sita, ndogo kama mbegu za mchicha, ni za mchwa wa mbao kavu, ambao huku pwani wapo kwa wingi, na wao hawahitaji udongo wala vile vichuguu vya matope ukutani. Bungua hupenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Kiini chekundu cha mninga hawakitaki. Katika kabati lile, mguu ulikuwa na utepe mweupe wa upana wa vidole viwili, na uharibifu wote ulikuwa humo. Ningeukata, nikaunga kipande kikavu cha mninga, na kazi ingekwisha kwa siku mbili. Panapohitajika dawa, mimi hukwangua kwanza vanishi yote, nikapaka myeyusho wa boraksi na asidi ya boriki katika maji ya moto, na matundu nikayadunga kwa bomba la sindano. Safari hii ilinibidi niondoe ubao wote wa mgongo na rafu mbili, kwa sababu hakuna gundi ambayo ingeshika.

Dhana nyingine ni kwamba kiti kinachotikisika dawa yake ni msumari. Msumari hupasua ulimi wa kiungo, yaani ncha inayoingia katika tundu la kipande kingine, nao ukishapasuka ukarabati huwa mgumu maradufu. Kifungue kiungo, kwangua gundi yote ya zamani, kwa sababu gundi mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka, paka upya, kisha kifunge kwa kamba inayosokotwa kwa kijiti hadi kesho yake.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila kitu kuukuu kinaokoleka. Kabati la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, lililovimba kwa maji halirudi katika hali yake, na pesa ya kulikarabati ni afadhali ukanunue meza ya mtumba ya mbao halisi. Sofa iliyobonyea huletwa kubadilishwa kitambaa tu, ilhali kilichokufa ni sponji na mikanda iliyo chini yake.

La mwisho ni rangi ya zamani, ambayo watu huipiga msasa mkavu sebuleni huku watoto wakicheza kando. Nyingi ya rangi hizo zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Fanyeni kazi hiyo nje, kwa msasa wa maji, mkiwa mmevaa barakoa ya kuzuia vumbi, na matambara mliyofutia msiyarudishe jikoni.