Karani Anayeweza Kukataa

Jumamosi nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mstaafu mjini Hoima: "Mwanangu, akili mnemba inatugawia sote madaraka. Hata mtoto wa kijijini anayo kwenye simu." Namheshimu sana mzee wangu, lakini kauli hii imenichosha.

Kazi yangu ni modeli za lugha zetu, yaani programu za akili mnemba zinazosoma na kuandika. Madaraka hayo hayajagawanywa. Chipu zinazoendesha modeli hizi nitazitaja upesi: nyingi zinabuniwa na kampuni ya Nvidia na kuundwa Taiwan na kampuni ya TSMC, kwa mitambo ambayo kampuni ya ASML ya Uholanzi peke yake ndiyo inaiuza. Modeli huria, ambazo yeyote anaweza kuzipakua, zipo, nami nazitumia kila siku. Ila mimi nainoa tu modeli iliyokwisha kufundishwa na wengine. Kuianza kutoka sifuri hapa Kampala, kwa umeme na bajeti tulizo nazo, siwezi.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Hakuna mtawala anayetawala peke yake. Anahitaji karani wa kuandika, askari wa kukamata, mtoza kodi wa kupiga hodi, na hao wote wana midomo ya kukataa. Mwaka 1907 Wanyoro wa magharibi mwa Uganda waliwakataa machifu wa Kiganda waliowekwa juu yao na Waingereza. Walisema "Nyangire", yaani nimekataa, wakawatimua. Uasi ulizimwa na viongozi wake wakahamishwa, hilo silifichi. Lakini serikali ililazimika kusimama na kupambana na watu. Weka sasa modeli mahali pa karani, isome mafaili elfu kumi usiku mmoja na kuchagua nani anyimwe nini. Haina shangazi kijijini wala haioni haya. Anayeimiliki hahitaji tena kumshawishi mtu yeyote, na siku karani alipoondolewa hakuna aliyehisi kwamba amepoteza kitu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kudai kwamba uamuzi unaokuathiri sana usifanywe na mashine peke yake. Ni kifungu kizuri, nakiunga mkono. Lakini kinakungoja wewe ujue umeamuliwa na mashine, kisha udai. Karani wa zamani alisita kabla hujajua lolote.

Nilipomweleza hivyo, Mwalimu alinijibu kwa swali gumu: karani huyo huyo si ndiye anayedai chai ndipo akupe fomu? Ndiye. Programu haiombi chai, na kwa mama aliyerudishwa mara tano dirishani hilo si jambo dogo. Sina jibu linaloniridhisha.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukataa amri. Alinyamaza kitambo. Mwaka 1977, enzi ya Idi Amin, akiwa mwalimu kijana, mkubwa mmoja alimwagiza aorodheshe majina ya baba za wanafunzi wake na kabila la kila mmoja. Hakubisha. Karatasi aliipoteza. Akaletewa nyingine, akaipoteza nayo. Ya tatu hakuletewa.