DNA Ikiharibika: Seli Hufanya Nini Kabla Saratani Haijaanza

Kila siku, DNA (kemikali inayobeba maelekezo ya urithi) iliyo ndani ya seli moja tu ya mwili hupata madhara maelfu kwa maelfu. Mengi hayatoki nje. Maji yaliyomo ndani ya seli yenyewe hunyofoa besi, yaani herufi za kemikali zinazounda ujumbe wa DNA, na kemikali zinazozalishwa chakula kinapogeuzwa kuwa nishati huharibu nyingine. Jua kali na moshi wa tumbaku huongeza idadi. Karibu yote hurekebishwa.

Ukarabati unawezekana kwa sababu DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana, na besi zake nne hushikana kwa jozi: adenini na thaimini, guanini na sitosini. Uzi mmoja ukiharibika, wa pili bado unaonyesha kilichopaswa kuwapo.

Chukua sitosini iliyopoteza kikundi chake cha amino. Inageuka yurasili, besi isiyotakiwa kwenye DNA. Kimeng'enya cha ukaguzi huitambua na kuing'oa. Kingine hukata uzi pale palipobaki pengo. Cha tatu, polimerasi, huweka sitosini mpya kwa kufuata guanini iliyo mkabala. Kisha kimeng'enya kiitwacho ligasi huunga uzi. Tomas Lindahl, aliyefafanua njia hii, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Mionzi ya jua hufanya tofauti: hugandisha thaimini mbili zinazopakana, uzi ukapinda. Hapo seli hukata kipande kizima chenye besi kama 30 na kukijaza upya. Wanaozaliwa na kasoro katika njia hii wanaweza kupata saratani ya ngozi wakiwa bado watoto.

Tatizo hasa ni muda. Seli ikinakili DNA kabla yurasili haijaondolewa, uzi mpya utawekewa adenini mkabala wake. Unakilishaji unaofuata, adenini hiyo itawekewa thaimini, na jozi itakuwa sahihi kabisa kwa macho ya vimeng'enya, ingawa siyo ile ya awali. Hakuna tena cha kurekebisha. Badiliko la namna hiyo likiangukia jeni inayodhibiti ugawanyikaji wa seli, safari ya saratani inaweza kuanza. Ndiyo maana protini ya p53 ina uzito mkubwa: husimamisha ugawanyikaji mpaka ukarabati uishe, na madhara yakizidi, huifanya seli ijiue. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni yake.

Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja, hali ni mbaya zaidi. Seli huweza kuunga ncha harakaharaka, mara nyingi ikipoteza besi kadhaa, au hunakili upya kutoka nakala pacha ya kromosomu. Njia hii ya pili, iliyo sahihi zaidi, huhitaji protini zinazotokana na jeni za BRCA1 na BRCA2. Aliyerithi kasoro katika mojawapo ya jeni hizo, mwanamke au mwanamume, yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani fulani, ikiwemo ya matiti. Na tusidanganyane: hakuna kidonge cha virutubisho kinachofanya kazi ya BRCA.

Kwa hiyo, kama ndugu zako kadhaa wa damu waliugua saratani ya matiti, ovari au utumbo mpana, hasa kabla ya miaka 50, mweleze daktari ni nani, upande gani wa ukoo na akiwa na umri gani. Kwa taarifa hizo ataamua kama unahitaji kipimo cha jeni, au kuanza uchunguzi mapema kuliko wengine.