Je wajua kwa nini mashabiki wa Auburn walimzomea bosi wao kwa kumleta kocha aliyekuja kuwapa ubingwa?

Tarehe 13 Desemba 2008, Jay Jacobs, mkurugenzi wa michezo wa chuo kikuu cha Auburn kule jimbo la Alabama, Marekani, anashuka kwenye ndege. Ametoka kumalizana na kocha mkuu mpya wa timu ya futiboli, ile ya Kimarekani yenye mpira wa umbo la yai. Siku kama hiyo unategemea makofi na vigelegele, ila pale uwanja wa ndege kulikuwa na mashabiki wamekuja na hasira zao, na jamaa mmoja anampigia kelele mfululizo kwamba tunataka kiongozi sio mtu wa kufungwa, huku anamrushia namba mbili tu: 5 na 19.

5 na 19 ilikuwa rekodi ya huyo kocha mpya, Gene Chizik, kule alikotoka. Alikaa misimu 2 chuo cha Iowa State, akashinda mechi 5 akapoteza 19, na 10 za mwisho alipigwa zote mfululizo. Fikiria wewe ndo shabiki, unasubiri jina kubwa, halafu unaletewa mtu ambaye hajashinda mechi tangu Septemba.

Haijapita miaka miwili na mwezi, Chizik huyohuyo kabeba kombe la ubingwa wa taifa. Na haijapita miaka miwili tena, kafukuzwa. Ndo maana hili swali linanisumbua siku nyingi: inakuwaje watu wamkatae kocha kabla hajafundisha hata mechi moja, na je walikosea? Mi naona ile namba waliyokuwa wanapigia kelele ilikuwa ya kweli kabisa, ila haikuwa ya Chizik peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu hasira yenyewe inatoka wapi. Jimbo la Alabama halina timu ya NFL, yaani hakuna ligi ya mapro ya kuwapa watu kitu kingine cha kushabikia, kuna vyuo viwili tu vikubwa, Auburn na chuo kikuu cha Alabama, na familia zimegawanyika hapo tangu enzi za mababu. Uwanja wa Auburn, Jordan-Hare, unaingiza watu zaidi ya 87,000 wakati mji wenyewe mwaka 2010 ulikuwa na wakazi 53,000 na kitu. Wakishinda wanaenda kwenye kona moja ya mji inaitwa Toomer's Corner, wanarusha karatasi za chooni juu ya miti mpaka matawi yote yanakuwa meupe, wazee kwa watoto. Baada ya mechi ya watani ya 2010 shabiki mmoja wa Alabama akaenda kuimwagia sumu miti miwili mikubwa ya pale, ikanyauka taratibu watu wanaiangalia, ikaja kukatwa 2013. Watu walilia kwa ajili ya miti jamani, na mimi nawaelewa.

Mtu akisoma chuo miaka 4, ushabiki wake ni wa maisha. Anachangia hela, ananunua tiketi za msimu mzima, anawalea watoto wake humo humo. Lakini kocha anapochaguliwa hana kura. Wanaoamua ni rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo, bodi ya wadhamini na matajiri wachache wanaotoa mchango mkubwa, na yote yanafanyika kimyakimya, kwa ndege binafsi, mpaka mashabiki wamejifunza kufuatilia namba za ndege mtandaoni waone imetua mji gani na mji huo anakaa kocha yupi. Ukimya ule ndo unazaa fujo, maana shabiki anapata habari siku mambo yameshaisha, kilichobaki mikononi mwake ni sauti tu.

Na Auburn walikuwa na sababu ya kutowaamini wakubwa wao. Novemba 2003, siku mbili kabla ya mechi na Alabama, rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo wa wakati huo na baadhi ya wadhamini walipanda ndege kwa siri kwenda kuongea na kocha wa chuo cha Louisville, Bobby Petrino, wakati kocha wao Tommy Tuberville bado yupo kazini anaandaa timu. Siri ikavuja, watu wakawaka, rais akajiuzulu Januari 2004. Tuberville akabaki, na msimu uliofuata, huo wa 2004, akashinda mechi 13 kati ya 13. Na kocha wake wa ulinzi msimu huo unajua alikuwa nani? Gene Chizik. Kwa hiyo hakuwa mgeni pale hata kidogo.

Sasa njoo 2008. Tuberville alikuwa amewafunga Alabama miaka 6 mfululizo, kuanzia 2002 mpaka 2007. Lakini Januari 2007 Alabama walimchukua Nick Saban, ambaye wiki mbili tu kabla, akiwa bado kocha wa Miami Dolphins, timu ya NFL, alitangaza mbele ya waandishi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama (ndo maana kule neno la kocha kuhusu kazi yake ijayo watu hawaliamini tena). Msimu wa kwanza Saban naye alisuasua, mpaka akafungwa na Louisiana-Monroe 21-14 nyumbani, timu ambayo ilialikwa kuja kupigwa. Msimu wa pili akashinda zote 12 za msimu wa kawaida, ya mwisho ikiwa dhidi ya Auburn, 36-0. Sifuri. Auburn wakamaliza msimu na 5-7, yaani ushindi 5 na vipigo 7, Tuberville akaondoka na zaidi ya dola milioni 5 mkononi. Ule mchecheto ulikuwa mkubwa, watu wanaona jirani kajenga mashine na wao hawana hata dereva, halafu mkurugenzi anarudi na mtu wa 5 na 19.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi na sitaki kulipita. Jina lililokuwa midomoni mwa wengi ni Turner Gill, kocha mweusi wa chuo cha Buffalo, timu iliyokuwa kati ya zile dhaifu kabisa nchini, kaichukua ikashinda 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, na 2008 ikabeba ubingwa wa ligi yake kwa kuifunga Ball State iliyokuwa haijapoteza mechi. Makocha wakuu weusi kwenye timu zaidi ya 100 za ngazi ya juu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Gill alihojiwa, kazi akapewa Chizik. Charles Barkley, gwiji wa kikapu aliyesoma Auburn, akasema hadharani kwamba rangi ndiyo iliyoamua. Chuo hakikulikubali hilo. Kwa hiyo kelele za ile Desemba hazikuwa za mpira peke yake, kulikuwa na watu wanauliza swali la haki, kwamba huyu kapandisha timu ya chini kabisa, yule kashusha, mmemchagua aliyeshusha, mtueleze kwa nini. Swali halali kabisa lile.

Hapa ndo inabidi ujue rekodi ya kocha wa chuo ilikuwa inatengenezwaje. Wachezaji walikuwa hawanunuliwi kama huku kwenye soka. Enzi hizo kila timu iliruhusiwa wachezaji 85 wa kulipiwa masomo, na wapya kama 25 tu kwa mwaka, vijana wa miaka 17 na 18 ambao kocha alikuwa anaenda mwenyewe majumbani kwao, anakaa na mama sebuleni, anamshawishi amkabidhi mtoto wake. Na mchezaji akitaka kuhama chuo kwenda kingine cha ngazi hiyohiyo, alikaa nje mwaka mzima bila kucheza. Maana yake kocha mpya alirithi kikosi cha mwenzake na alikaa nacho miaka 3 hata 4. Aliyeajiriwa katikati ya Desemba alikuwa na wiki kama 7 tu kabla ya siku ya vijana kusaini mwanzoni mwa Februari, na wale waliomuahidi kocha aliyeondoka walianza kupeperuka mmoja mmoja. Shabiki alilijua hilo, ndo maana alipiga kelele siku ileile ya kwanza, alijua kosa la leo litaonekana uwanjani mpaka mwaka wa nne.

Iowa State mara ya mwisho kuchukua ubingwa wa ligi yao ilikuwa 1912. Sio 2012, 1912. Iowa ni jimbo la mahindi, vijana wazuri wa mpira wako wachache, na kila mwaka wanagombaniwa na vyuo vyenye hela zaidi. Chizik kabla ya kwenda huko alikuwa kocha wa ulinzi wa Auburn 2004, 13-0, halafu Texas 2005, 13-0 na ubingwa wa taifa juu. Mechi 26 misimu miwili, vyuo viwili, hajafungwa hata moja. Mtu mmoja huyohuyo: 26-0 akiwa msaidizi kwenye nyumba tajiri, 5-19 akiwa bosi kwenye nyumba ya dhiki. Ipi ndo rekodi yake? Kila mmoja alichukua ile inayomfaa, mkurugenzi ile ya kwanza, mashabiki ile ya pili.

Halafu ikaja bahati, ila bahati aliyoitafuta mwenyewe. Chizik alimchukua Gus Malzahn kuwa kocha wa mashambulizi, na mwaka mmoja baadaye wakamsajili Cam Newton, kijana wa karibu mita 2 ambaye aliondoka chuo cha Florida akaenda kucheza chuo kidogo cha Blinn kule Texas. Kwa kuwa katokea chuo kidogo, ile adhabu ya kukaa nje mwaka mzima haikumhusu. Akaingia moja kwa moja kama kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi yote, na msimu wa 2010 akarusha pasi 30 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, nyingine 20 akakimbia nazo mwenyewe. Kwenye mechi ya watani, ugenini, walikuwa nyuma 24-0. Wakashinda 28-27.

Fainali ya Januari 10, 2011 na Oregon ikafika 19-19 dakika za mwisho. Michael Dyer wa Auburn anakimbia na mpira, anadakwa, anaanguka juu ya beki, wote wanasimama wakijua imeisha. Na yeye anasimama, anaangalia huku na kule kama mtu aliyesahau njia. Kumbe goti halikugusa chini, kwa hiyo mchezo bado unaendelea, kalalia mwili wa mwenzake tu. Wenzake wanamuambia kimbia, anakimbia, Wes Byrum anakuja kupiga mkwaju wa mwisho muda unaisha, 22-19, ubingwa wa kwanza wa Auburn tangu 1957. Goti lile lingegusa nyasi, labda leo Chizik tungemuongelea kwa namna nyingine kabisa.

Newton akaenda NFL. Malzahn baada ya 2011 akaenda kuwa bosi Arkansas State. Na 2012 Auburn ya Chizik ikashinda 3 ikapoteza 9, kwenye ligi yao hawakushinda hata moja, na Alabama wakawapiga 49-0. Akafukuzwa siku moja baada ya hiyo mechi, na chuo kikabaki na deni la fidia la takriban dola milioni 7.5. Wale wa uwanja wa ndege wakasema si tuliwaambia. Wengine wakajibu na kombe je?

Turner Gill naye hakubaki Buffalo. Desemba 2009 chuo cha Kansas walimchukua kwa furaha, kila mtu akisema Auburn walipoteza mtu. Mwaka wa kwanza akapata 3-9, wa pili 2-10, akafukuzwa. Jumlisha: 5 na 19. Rekodi ileile ya Chizik kule Iowa State, mpaka mpangilio wa miaka ni uleule, 3-9 halafu 2-10. Nilipoijumlisha mara ya kwanza nilirudia kuhesabu. Baadaye Gill akaenda chuo cha Liberty na kule akashinda nyingi kuliko alizopoteza, na kuchukua mataji ya ligi. Hiyo rekodi ya Kansas haifuti swali la Barkley hata kidogo, maana makocha weupe wenye 5-19 walikuwa wanapata nafasi ya pili kubwa na weusi hawapati, Chizik mwenyewe ndo mfano. Ila inakuonyesha namba hizo zinavyoegemea nyumba kuliko mtu.

Kuna watafiti 3 wa sayansi ya siasa waliochambua timu za vyuo za kuanzia 1997 hadi 2010, wakachapisha 2013. Timu mbovu kabisa zilizofukuza kocha hazikufanya vizuri kuliko timu mbovu zilizomvumilia, na zile za katikati zilizofukuza zilishuka zaidi kuliko wenzao waliotulia. Pamoja na hayo hela zinazidi kumwagwa, 2023 chuo cha Texas A&M walikubali kumlipa kocha wao Jimbo Fisher zaidi ya dola milioni 75 aache kazi.

Auburn baada ya Chizik walimrudisha Malzahn, na safari hii mashabiki walifurahi, ndo waliyekuwa wanasema muda wote kwamba ubingwa ulikuwa kazi yake. Mwaka wa kwanza akawafikisha fainali. Alikaa misimu 8, hakuna hata mmoja aliomaliza na mechi nyingi za kupoteza kuliko za kushinda. Wakamfukuza kwa fidia ya dola milioni 21.45, tarehe 13 Desemba 2020, miaka 12 kamili tangu siku ile ya uwanja wa ndege.