Ukuta wa Gofu Una Wenyewe Wawili

Nimeulizwa tena, safari hii na mteja mwenye picha za Tokyo kwenye simu yake, kwa nini tusilisafishe gofu lake la Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, hadi chini na kusimamisha nguzo za zege za ghorofa tatu, kwa kuwa eti chokaa ni vumbi jeupe tu na nguvu zote ziko kwenye saruji.

Nyumba iliyomvutia ni ya Takamitsu Azuma, msanifu majengo wa Kijapani, iliyokamilika mwaka 1966 kwenye kiwanja cha takriban mita 20 za mraba, na ninaistahi. Hata hivyo, sheria ya kiraia ya Japani kwa kawaida hutaka sentimita 50 kati ya jengo na mpaka, kwa hiyo nyumba ya Tokyo husimama peke yake. Mkomani, ukuta wa gofu mara nyingi ndio unaobeba boriti za jirani. Ukiuvunja, au ukichimba mashimo ya nguzo chini ya msingi wake mfupi, umemvunjia mtu ambaye hakukuita.

Kuhusu saruji, nitasema polepole kwa sababu nimechoka kusema haraka. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya chumvi kutoka ardhini, na plasta ya chokaa huyaacha yatoke kwa mvuke. Ukiupaka saruji, maji hukosa njia, hupanda juu zaidi, na chumvi huganda nyuma ya plasta hadi jiwe lenyewe linamong'onyoka. Plasta ikianguka, mwenye nyumba huongeza saruji, kisha huwalaumu wazee waliojenga. Zege lenyewe halijanusurika: likichanganywa na mchanga wa pwani, chumvi huozesha nondo zilizomo ndani.

Wanaodhani kuwa kuingizwa kwa Mji wa Kale kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kulipiga marufuku ujenzi wowote nao wamekosea. Magofu yanajazwa, ila michoro hukaguliwa.

Nakiri kwamba boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, na familia yenye watoto sita ina haki ya kutaka sebule pana. Hapo mimi huweka mhimili wa zege uliotengwa na ukuta wa kale, ingawa sina hakika utazeekaje. Wala sijui kama chokaa ya upande wetu inatosha iwapo jirani amekwisha kupaka saruji upande wake.

Kwa hiyo mteja wangu atanisubiri. Kabla ya mchoro wowote, nitabisha hodi kwa jirani niangalie boriti zake zimeingia ukutani kiasi gani.